Kibumba: kompyuta inayobeba karatasi za watu isiongezwe mwendo bila kupimwa

Anayepita mara kwa mara kwenye barabara ya Taifa namba 2, kutoka Goma kwenda Rutshuru, anamjua kijana wa aina hii. Ana kibanda cha mbao kando ya barabara, kibao cha «Sekretariati» mlangoni, na ndani kuna mashine ya fotokopi, printa na kompyuta moja ya mezani yenye feni za taa za rangi. Asubuhi anapiga TFC za wanafunzi, mchana barua za kuomba kazi na picha za pasipoti, usiku montaji ya video za harusi. Akiwa na bidii, amekwisha kujifunza kwenye YouTube namna ya kuingia katika BIOS na kuongeza mwendo wa prosesa. Mafundi wanaita kazi hiyo overkloki. Montaji iliyokuwa inamlia saa 3 sasa inaisha kwa saa 2 na nusu, na sifa zake zinaanza kufika Rugari.

Kisha mashine inaanza kuzima yenyewe. Leo mara 1, kesho mara 3. Skrini inageuka buluu, ama kompyuta inajiwasha upya katikati ya kazi. Mteja anafika, anaambiwa: «Papa, uvumilie kidogo, ni umeme.» Papa anavumilia, sababu katika Kibumba hakuna mtu atakayebisha kwamba umeme unasumbua.

Shida iko hapo. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli mara nyingi, linaficha siku ambazo si la kweli. Kijana ana haki ya kusukuma mashine yake mpaka iungue, ni mali yake. Lakini kompyuta inayobeba TFC ya mtoto wa mtu, hesabu za chama cha akiba cha akina mama na skani za vyeti vya shamba si yake peke yake tena. Mashine hiyo haifai kuongezwa mwendo kabla ya kupimwa, na kipimo kinachotumiwa na wengi, yaani «imewaka, haijazima, basi ni nzima», si kipimo.

Kwanza, ni nini hasa kinachoongezwa. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama ngoma inayowaongoza wachezaji. Kwenye kompyuta nyingi za mezani pigo la msingi ni megahezi 100, na prosesa inalizidisha: mara 36 ni gigahezi 3.6, mara 43 ni gigahezi 4.3. Kuongeza mwendo ni kubadili namba hiyo ya kuzidisha. Lakini ngoma ikipigwa haraka, mchezaji anahitaji nguvu zaidi ili mguu ufike kwa wakati. Nguvu hiyo ni voltaji. Na voltaji haipandi bure: joto linapanda kwa kadiri ya voltaji ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Voltaji ikitoka 1.20 kwenda 1.32, hilo ni ongezeko la asilimia 10 tu, lakini joto linapanda kwa asilimia 21. Ukiongeza na mwendo kwa asilimia 10 juu yake, joto limefika asilimia 33. Kazi imeongezeka kwa asilimia 10, gharama kwa theluthi moja.

Video nyingi za mafunzo hazisemi hivyo. Zinasema: ikizima, ongeza voltaji kidogo. Ikizima tena, ongeza tena. Shauri hilo limetolewa na watu wenye umeme wa volti 230 usioyumba mchana na usiku. Likichukuliwa lilivyo na kuletwa chini ya Nyiragongo, linageuka kuwa njia ya kuunguza prosesa kwa kosa ambalo si lake.

Hapa uchunguzi uanzie ukutani, kwenye prizi. Kila mtu wa kijiji chenye kinu cha mahindi ameona jambo hili: kinu kikiwashwa, balbu za jirani zinafifia kwa muda mfupi. Ndani ya kompyuta jambo lile lile linatokea kwa kipimo kidogo. Prosesa ikipewa kazi nzito ghafla, voltaji yake inashuka kidogo wakati ule ule inapoihitaji zaidi. Kwa mwendo wa kiwanda, watengenezaji wameacha nafasi ya kuvumilia mshuko huo. Anayeongeza mwendo amekula nafasi hiyo. Sasa kinu cha jirani, mashine ya soda na sanduku la alimentasio la bei ndogo vyote vinavuta kamba moja, na prosesa ndiyo inaanguka wa kwanza.

Halafu kuna vita. Mwezi wa 1 mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme. Anayefanya kazi juu ya Kibumba amezoea kuhama kutoka laini kwenda jenereta, kutoka jenereta kwenda betri ya sola, siku ile ile moja. Kila kuhama ni pigo. Alimentasio nzuri ya kompyuta inaweza kushikilia mzigo bila umeme kwa milisekunde 16 hivi, na wimbi moja la umeme wa 50 hezi lina milisekunde 20. Hiyo ndiyo akiba yote. Ondileri za bei ya chini, zile zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, zinaweza kuizimisha alimentasio ya kisasa wakati wa kubadilisha hata kama betri imejaa. Mwenye mashine anaona giza, anafikiri prosesa imeshindwa, anaingia BIOS, anaongeza voltaji. Ametibu mguu kwa ugonjwa wa jino.

Ardhi nayo ina neno lake. Mawe ya volkano hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo waya wa ardhini uliofukiwa kwenye lava, kama upo, haufanyi kazi kama ule uliofukiwa kwenye udongo mzito wenye maji. Na radi za Kivu si za mchezo: uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya 2 duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela.

Kuna na udanganyifu wa baridi. Kijana wa Kibumba anajivunia hali ya hewa yake, na ana haki, prosesa inapenda baridi. Lakini Kibumba iko juu kuliko Goma, na Goma yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Mombasa, na feni inayozunguka kwa mwendo ule ule inabeba joto dogo zaidi. Tena jaribio lenyewe limefanywa saa 4 za usiku, sanduku la kompyuta likiwa wazi, ukungu uko nje. Saa 8 za mchana sanduku limefungwa, wateja 5 wamejaa ndani, mbabula ya makala iko mlangoni, na vumbi jeusi la barabara limekwisha kuziba feni. Ni mashine ile ile kwa jina tu. Jaribio la overkloki lifanywe kwenye saa mbaya, na kifuniko kimefungwa. La usiku ni la kujifurahisha.

Baada ya umeme na joto, ndipo zamu ya mashine yenyewe inafika, na hapo sheria ni moja ambayo mafundi wazuri wa Birere wanaijua na wanafunzi wao wanaisahau: rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwanda kwanza. Kila kitu, pamoja na memori. Wengi hawajui kwamba ule mpangilio wa memori unaoitwa XMP, ambao unawashwa kwa kubofya mara moja, nao ni overkloki. Mtu anahangaika na prosesa wiki nzima, kumbe RAM ndiyo inakosea. Mashine ikizima ikiwa katika hali ya kiwanda, ugonjwa haukuwa overkloki, na hakuna voltaji itakayouponya. Isipozima, basi rudisha badiliko moja, pima, andika kwenye daftari, ndipo badiliko lingine. Mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi limeua.

Skrini ya buluu yenyewe inasema kitu, kwa mwenye kuisoma. Kodi ya 0x124 ni vifaa vinavyolalamika, 0x101 mara nyingi ni kiini kimoja cha prosesa kilichochelewa kuitika, 0x1A inaelekeza kwenye memori. Ni dalili, si hukumu. Mwaka 2024 wachezaji wa michezo ya video duniani walikuwa wanapata ujumbe uliosema memori ya video imejaa, wakabadilisha kadi za picha, wakarudisha madreva, bila faida. Mgonjwa alikuwa prosesa: aina kadhaa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinapewa voltaji kubwa kupita kiasi na zikachakaa ndani. Intel ilitoa marekebisho mwezi wa 8 mwaka huo, ikaongeza garanti kwa miaka 2, na ikakubali kwamba prosesa iliyokwisha kuharibika haitaponywa na programu.

Kesi hiyo ingefaa kusomwa kwa sauti katika kila duka la kompyuta la Goma. Hao hawakuwa vijana wa YouTube. Ilikuwa kampuni yenye maabara, na bado voltaji iliyozidi ilikula mashine polepole, bila moshi wala harufu. Mwenye kununua Ulaya alirudishiwa prosesa mpya. Mwenye kununua mashine iliyotumika, iliyopita kwenye mikono 3 mpaka ikafika Kibumba, garanti yake ni ipi?

Lakini kuzima si baya kuliko yote. Mashine inayozima ni mashine mwaminifu, inakuambia nimeshindwa. Ya kuogopwa ni ile inayokosea na kuendelea.

Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa kilichowasumbua. Mafaili yalikuwa yanapotea baada ya kufunguliwa kutoka kwenye mfuko uliobanwa. Hakuna kilichozima, hakuna ujumbe wa kosa. Walifuatilia mpaka wakafika kwenye kiini kimoja cha prosesa moja. Kikiulizwa 1.1 ikizidishwa yenyewe mara 53 ni ngapi, kilijibu 0. Jibu sahihi ni 156 na kitu. Hesabu hiyo ilikuwa inatumika kukadiria ukubwa wa faili, na kwa kuwa jibu lilikuwa 0, programu iliona faili ni tupu, ikaliruka. Hesabu nyingine nyingi kiini hicho kilizifanya vizuri. Mwaka huo huo wahandisi wa Google nao walieleza kwamba wamekutana na viini vya aina hiyo.

Hizo ni prosesa ambazo hakuna aliyeziongeza mwendo. Anayeongeza mwendo anasogeza mashine yake karibu na ukingo huo kwa mkono wake mwenyewe. Sasa weka kisa hicho kwenye kibanda cha barabarani. Mwanafunzi wa Goma ameacha TFC yake kwenye flashi, kijana ameinakili, ameipanga kurasa, ameibana kwenye mfuko ili aitume. Siku ya kuchapa, sura ya 3 haifunguki. Ama mbaya zaidi, inafunguka, lakini jedwali lina namba ambayo mwanafunzi hakuandika, na profesa ndiye anaiona. Ao mama mhazini wa chama cha akiba anapewa jumla isiyolingana na daftari, na watu wanaanza kumtazama yeye, si kompyuta. Nani atawaza kuishitaki prosesa?

Kwa Kibumba kuna uzito mwingine. Watu wa hapa walikimbia mwishoni mwa mwaka 2022, wengi wakaishia kambini Kanyaruchinya, na karatasi si kitu cha kwanza ambacho mtu anabeba akisikia mabomu. Kwa familia ambayo karatasi zake zimepotea, skani iliyobaki kwenye kompyuta ya sekretariati inaweza kuwa nakala ya mwisho ya cheti cha ndoa ao ya karatasi ya shamba la viazi. Faili ya namna hiyo haitengenezwi upya kama video ya harusi ambayo kamera bado inaishika.

Kipimo kipo na ni cha bure. Programu ya Prime95, iliyotoka katika mradi wa kutafuta namba tasa kubwa tangu mwaka 1996, inaipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kisha inalinganisha. Ndiyo tofauti yake na kucheza mchezo wa video kwa saa 2 na kusema «iko poa»: mchezo hauna jibu la kulinganisha. Kosa moja tu katika saa 8, mashine haijapita, hata kama haikuzima. Kwa memori kuna MemTest86, inawashwa kutoka flashi kabla ya Windows. Na ndani ya Windows kuna daftari la matukio, ambako neno WHEA linaandikwa kila mara kifaa kinapokosea na kujisahihisha. Fundi asiyefungua daftari hilo ni kama muganga asiyeuliza mgonjwa alilala namna gani.

Kijana atajibu, na jibu lake lisidharauliwe. Atasema saa za umeme ni chache, kwa hiyo kasi ni mkate. Atasema hana dola za kununua mashine mpya, na overkloki ndiyo mashine mpya ya maskini. Kwa aliye kwenye laini hoja hiyo ina nguvu. Kwa aliye kwenye betri ya sola, hesabu inamgeuka. Kama prosesa inakula theluthi zaidi ili ifanye kazi asilimia 10 haraka, basi kwa kila harusi moja, upande wa prosesa peke yake, anatumia umeme karibu asilimia 21 zaidi. Betri ile ile itatoa harusi chache kwa wiki, si nyingi. Angefanya kinyume, yaani kuacha mwendo wa kiwanda na kupunguza voltaji kidogo kidogo huku akipima vile vile, angepata mashine ya baridi na betri ya kufika usiku. Kazi hiyo haina taa za rangi, ndiyo maana haina video nyingi.

Katika Kivu hii hii kuna waliosukuma kompyuta mchana na usiku kwa pesa. Kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, Lubero, mbuga ya Virunga iliweka kontena za mashine za kuchimba bitcoin tangu mwaka 2020, zikitumia umeme ambao haukuwa na mnunuzi. Biashara hiyo ina wapinzani wake, na si mada ya leo. Ila angalia mpango: hawakungoja umeme ufuate mashine, mashine ndizo zilipelekwa kando ya turbini. Na mashine moja ikikosea hesabu, anayepoteza ni mwenye nayo, hakuna mwanafunzi anayefukuzwa mbele ya jopo. Masharti hayo 2 ndiyo kibanda cha barabarani hakina.

Wala si lazima achague moja na kuacha nyingine milele. Kadi kuu nyingi zinazoruhusu overkloki, zile mafundi wanaita karti-mere, zina nafasi ya kuhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja ndani ya BIOS. Mchana, wakati TFC na vyeti viko mezani, aweke ule wa kiwanda. Usiku, wateja wameenda, harusi iko kwenye kamera na nakala iko kwenye diski ya nje, aweke ule wa haraka, uliopita kipimo cha saa 8. Kubadilisha kunachukua dakika 2. Na mteja anayeacha karatasi yake ana haki ya kuuliza, bila kuona haya, mashine iko kwenye mpangilio gani leo, na kuondoka na nakala yake kwenye flashi iliyofunguliwa mbele ya macho yake, ukurasa kwa ukurasa.